Mama Mkwe Akinyanyua Mikono

Muadhini wa msikiti wa sokoni alikuwa bado yuko kwenye takbira ya kwanza, mama mkwe akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake karibu na pazia.

"Zima!"

Msusi akazima draya. Akazima na redio ndogo iliyokuwa juu ya kabati, kisha feni, maana feni nayo ilikuwa na mlio, na mama mkwe hakutaka kusikia mlio wowote. Mke wa muuza simu, aliyekuwa chini ya draya, akabaki na rola zake kichwani, joto linampotea, macho darini. Mwalimu wa chekechea alikuwa kitini, amesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili nywele zilisimama wima kama zimeambiwa habari mbaya.

"Samahani jamani," Msusi alinong'ona. "Ni dakika chache tu."

Uongo mtupu, na wateja wote walijua. Mtaa ule ulikuwa kati ya misikiti mitatu, na misikiti hiyo haikuwahi kupatana saa. Kwanza ilisikika adhana ya sokoni, ya kijana mwenye sauti tamu anayevuta maneno kama hataki kuachana nayo. Ikitulia hiyo, inaanza ya karibu na stendi, ya mzee mwenye mafua yasiyopona. Na watu wakishashika tena vitana na vioo vyao, ndipo inapoamka ile ya msikiti mdogo nyuma ya kiwanda cha mabati, ya bwana mmoja mwenye haraka ya kudumu. Mama mkwe aliitikia zote tatu, neno kwa neno, macho kayafumba, na kila penye "Hayya alas-salaa" yeye akisema "La haula wala kuwwata illa billah" kwa pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo.

"Mama," Msusi aliwahi kumwambia, "sheikh mmoja alisema ukiitikia ya kwanza inatosha."

"Inamtosha nani?" mama mkwe akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuja kwa ajili ya jicho. Alifanyiwa upasuaji, daktari akamwambia asikae peke yake mpaka lipone, na kwa kuwa alikuwa mjane na mwanawe wa kiume ndiye aliyekuwa karibu na hospitali, akaletwa kwa mwanawe, mume wa Msusi. Jicho likapona, mwenye jicho akabaki. Hakuna aliyemfukuza, na yeye hakuuliza. Chumba alipewa, kizuri tu, lakini akasema chumbani kimya kinamtisha, akahamishia kiti chake saluni, ambayo ilikuwa sebule ya nyumba iliyokatwa kwa pazia. Hapo akakaa kutwa, tasbihi mkononi, na kwa kuwa macho bado yaliona kwa ukungu, akijua nani kaingia kwa mlio wa kandambili zake.

Laiti mambo yangeishia kwenye kuitikia adhana, Msusi angevumilia. Yeye mwenyewe alikuwa akiitikia tangu utotoni, ingawa kwa namna ya mtu anayejibu "abee" huku anaendelea kufua: midomo inakwenda, vidole vinasuka. Tatizo lilikuwa kinachofuata. Adhana ya mwisho ikiisha, mama mkwe alimswalia Mtume, akanyanyua mikono, akaanza "Allahumma Rabba hadhihi daawati taamma," akaisoma dua yote vizuri kwa Kiarabu chake cha madrasa. Baada ya hapo kilifuata Kiswahili.

"Ewe Mola wangu," alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "mke wa mwanangu ana moyo mweupe. Mkono wake tu ndio mzito kwenye chumvi. Umpunguzie, ya Rabbi, presha ni yangu."

"Amin," alisema mke wa muuza simu kutoka chini ya draya iliyozimwa, mtandio mdomoni ili asicheke.

"Ewe Mola, umkumbushe kuwa mlango wa jikoni ukiachwa wazi paka anaingia. Na mwanangu, ya Rabbi, umwondolee uvivu wa kuoga akirudi kazini, maana mkewe anaona haya kumwambia."

"Amin," alisema mwalimu wa chekechea, mabega yakimtetemeka.

Na Msusi afanye nini? Umkatize mtu anayeomba? Dua baina ya adhana na ikama, ule mwito wa kusimama kuswali, hairudishwi, hilo kila mtu alilijua, na mama mkwe alikuwa akilikumbusha kila alasiri. Kwa hiyo Msusi alisimama katikati ya saluni yake mwenyewe, kitana mkononi, akisubiri kusemwa mpaka mwisho kama mwanafunzi mbele ya paredi. Kibaya zaidi, dua zilijibiwa. Usiku huohuo chumvi alipunguza. Mlango wa jikoni akawa anaufunga kwa komeo. Mama mkwe akionja mchuzi anasema "Alhamdulillah, Mwenyezi Mungu ni msikivu," na Msusi anameza tonge na hasira kwa pamoja.

Alimlalamikia mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba na mtaa mzima ulimwita Fundi.

"Ni dua tu, mke wangu," Fundi alisema. "Anatuombea."

"Dua ya wenzangu ni dua. Yangu mimi ni tangazo."

"Sasa nimwambie nini? Asiombe?"

"Mwambie aombe kimoyomoyo. Mungu si kiziwi."

Fundi alijikuna kisogo, akasema atatafuta wakati mzuri. Fundi alikuwa hodari wa kuziba mabomba ya watu, lakini nyumbani kwake mwenyewe maji yakimwagika alikuwa mtu wa kunyanyua miguu tu. Wakati mzuri haukupatikana.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya bibi harusi. Saluni ilijaa pomoni: bibi harusi kitini, dada zake wawili kwenye mkeka wakipakana hina kucha, na shangazi yake, mwanamke ambaye habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri iko mtaa wa pili. Msusi alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya kazi inayokwenda. Alikuwa amefika kwenye utosi, mahali pagumu, nywele zinainuka kama alivyozikusudia.

Adhana ya alasiri ikaanza.

"Zima!"

Akazima kila kitu. Sokoni ikapita, stendi ikapita, kiwandani ikapita mbio. Mama mkwe akanyanyua mikono. Msusi akajiandaa kwa chumvi, kwa paka, kwa chochote.

"Ewe Mola wangu," mama mkwe alisema, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ya chini kidogo, ila si ya chini ya kutosha. "Ile mimba ya mke wa mwanangu iliyotoka mwezi uliopita ilikuwa amana yako, umeichukua. Hatuna neno. Mpe badala iliyo bora. Na yale machozi anayoyalia bafuni, maji akiwa ameyafungulia tusisikie, umfute wewe, maana sisi hatujui pa kuanzia."

Hakuna aliyecheka. Kisha wanawake wote wakaitikia kwa pamoja, polepole, kwa dhati: "Amin." Hata bibi harusi. Na hiyo amin ndiyo iliyomchoma Msusi kuliko maneno yenyewe, maana ilimwambia kuwa sasa wanajua wote.

Hakuwa amemwambia mtu. Si mama yake mzazi, si rafiki. Waliojua ni yeye na mumewe na daktari.

"Pole, mwanangu," shangazi alisema, akimshika kiwiko. "Usikate tamaa. Mdogo wangu zilimtoka mbili, leo ana mapacha."

"Nashukuru, shangazi."

"Labda ni kusimama sana. Hii kazi ya kusimama..."

"Nashukuru, shangazi. Naomba unipitishie hivyo vibanio."

Akamalizia kichwa cha bibi harusi. Kazi ikatoka nzuri ajabu, wageni wote walikuja kuisifu, lakini yeye hakuiona. Walipoondoka alifungua aproni, akaitupa kitini, akampita mama mkwe bila kumtazama, akatoka. Alijua Fundi yuko wapi: kwa jirani wa nyumba ya kona, anatengeneza sinki.

Alimkuta amelala chali jikoni kwa watu, kichwa na mabega vimo ndani ya kabati la sinki, miguu imetoka nje. Mwenye nyumba alipoona uso wa Msusi alikumbuka kwamba ana nguo za kuanua, akatoka. Msusi akabaki kuzungumza na miguu.

"Nani alimwambia mama yako?"

Spana ikaacha kugonga.

"Kuhusu nini?"

"Usiniulize kuhusu nini. Saluni nzima inajua. Shangazi wa bibi harusi anajua! Ukitoka humo ndani utakuta mpaka muuza mkaa anakupa pole. Nani alimwambia?"

"Mimi," miguu ikasema.

"Kwa nini? Si tulikubaliana?"

"Aliniuliza. Akasema, 'Mkeo ana nini?' Nikasema hana kitu. Akauliza tena. Akauliza tena." Tone la maji lilisikika likidondoka ndani ya ndoo. "Na mimi nilikuwa sina pa kusemea. Wewe ulisema tusiizungumzie. Basi nikawa naamka, nakwenda kazini, nafungua mabomba ya watu, nafunga mabomba ya watu. Alivyouliza mara ya tatu, nikasema."

Msusi alikuwa na maneno mengi aliyoyabeba njia nzima, mengine makali kuliko wembe. Akayatafuta, asiyaone.

"Toka basi tuongee vizuri," alisema.

"Nakuja. Kuna nati hapa nairekebisha."

Lakini spana haikusikika, wala miguu haikusogea, na Msusi akaelewa kwamba mumewe hatatoka mpaka uso wake ukauke. Akaugusa mguu mmoja kwa ncha ya kandambili yake, si kwa ubaya, akarudi nyumbani.

Mama mkwe alikuwa palepale, tasbihi imelala mapajani.

"Mama," Msusi alisema akiwa bado amesimama, "leo umenivua nguo mbele za watu."

"Nimekuombea, mwanangu. Sikukutukana."

"Umeniombea kwa sauti! Mbele ya wateja wangu! Chumvi nimevumilia. Paka nimevumilia. Kila siku nasomewa makosa yangu kama mshitakiwa, nanyamaza, kwa sababu nikisema neno nitaambiwa nimemkatiza mtu anayezungumza na Mola wake. Lakini hili halikuwa lako kulisema. Mungu analijua, alikuwepo. Wewe ulikuwa unamwambia nani?"

Mama mkwe aliiokota tasbihi mapajani, akaizungusha mkononi. Kisha akasema jambo ambalo Msusi hakulitegemea.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa sauti. Ukianza neno, yeye analimaliza, na anavyolimaliza sivyo ulivyolianza. Watoto wanaumwa, nguo zimechakaa, mimi mwenyewe nimechoka, huwezi kusema. Lakini alikuwa mcha Mungu. Mtu akinyanyua mikono baada ya adhana, alikuwa hathubutu kumkatiza. Basi nikawa nasema hapo. 'Ewe Mola, viatu vya mtoto vimetoboka.' Kesho yake viatu vinaletwa. Miaka yote hiyo, mwanangu, wakati wangu wa kuzungumza na mtu ulikuwa pale baina ya adhana na ikama. Namna nyingine nilikuwa siijui. Siijui mpaka leo."

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kuketi.

"Mimi si mume wako, mama. Mimi ukiniambia chumvi imezidi nitasikia."

"Ungenijibu vibaya."

"Ningekujibu vibaya, na chumvi ningepunguza."

Mama mkwe akakaribia kucheka.

"Na ulijuaje?" Msusi akauliza. "Kabla ya kumuuliza Fundi. Ulijuaje kuna kitu?"

"Macho yangu ndiyo mabovu. Masikio mazima. Adhana ikilia nyumba hii nasikia sauti mbili, ya kwangu, na ya kwako hiyo unayoimeza. Wiki ile nikasikia moja tu. Nikajua huswali, hilo ni la wanawake, hutokea. Lakini kuitikia adhana hakuna udhuru wake. Nikasema, huyu kuna jambo, amenuniana na Mola wake."

Ilikuwa kweli. Siku zile damu haikatiki, amelala ubavu, adhana zilipita dirishani zote tatu, naye alikuwa amefunga mdomo kwa makusudi, kama anayepita mbele ya nyumba ya mtu aliyemkosea.

"Bado naomba," alisema mwishowe, akiinuka, "mambo yangu yasiombwe tena saluni."

"Nimesikia."

Na kweli alisikia. Tangu siku ile, adhana ilipolia draya ilizimwa kama kawaida, zote tatu zikaitikiwa kama kawaida, lakini ilipofika wakati wa dua mama mkwe aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akarudisha mlango. Fundi alifurahi. "Unaona?" alisema. "Amani tupu." Wateja ndio waliolalamika. Mke wa muuza simu aliuliza mara mbili kama bibi anaumwa, na akakiri kuwa siku hizi alikuwa anakuja saa ya alasiri makusudi.

Na Msusi? Msusi alipata alichokitaka, na kikamkera kuliko alichokikataa. Zamani alijua anasemwa nini. Sasa alisikia mnong'ono tu nyuma ya mlango, mrefu, unapanda na kushuka, na kila unapopanda moyo wake unauliza: ni mimi huyo? Nimefanya nini tena? Alisuka mafundo yasiyotakiwa. Aliunguza sikio la mteja kwa pasi ya nywele. Akajisema mwenyewe, "Wewe mwanamke wewe, unataka nini hasa?" Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zake siku hizo zilikuwa zimejisokota vibaya.

Alasiri moja alikuwa ndiyo kwanza amempaka mwalimu wa chekechea dawa ya kulainisha nywele. Adhana zikaisha, mama mkwe akaondoka. Mnong'ono ukaanza. Msusi akafuta mikono.

"Nakuja sasa hivi," akamwambia mwalimu. "Ikianza kuwasha niite."

Akanyata mpaka mlangoni, akatega sikio. Hakupata neno hata moja. Akasogea zaidi.

"Ingia," sauti ya mama mkwe ikasema kutoka ndani. "Mlango haujafungwa. Ukisikilizia nje utapata nusu, na nusu ndiyo inayogombanisha."

Msusi aliingia na uso wa mwizi. Mama mkwe alikuwa kwenye mswala, mikono bado iko hewani. Kwa kichwa alimwonyesha nafasi pembeni yake, na Msusi akakaa.

"Nilikuwa naomba macho yasirudi nyuma," mama mkwe alisema. "Wewe ulikuwa hujafika. Sasa umefika, unataka nikuombee nini?"

Mama mkwe hakuwahi kumuuliza hivyo.

"Sijui, mama."

"Basi omba mwenyewe. Mimi nitaitikia."

Msusi akanyanyua mikono, bado ina harufu ya dawa. Alizijua dua za kujifunza, za Kiarabu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini kuongeza la kwake, kwa maneno ya jikoni kama anavyofanya mama mkwe, hakuwahi. Alikaa hivyo mpaka mikono ikamchoka.

"Ewe Mola," alisema hatimaye, "miguu inaniuma."

"Amin," alisema mama mkwe mara moja, kama vile ni jambo kubwa.

"Ewe Mola, draya ya pili haipashi joto upande mmoja, na fundi wa umeme kila siku ni kesho."

"Amin."

"Mume wangu umpe mdomo wa kuniambia mimi kabla hajawaambia wengine. Na mimi unipe sikio la kumsikiliza, maana nilimfungia mlango."

"Amin, ya Rabbi."

"Na mama mkwe wangu, Mola wangu, ananichosha."

Mama mkwe akajikohoza. "Amin," akasema. "Endelea."

"Ananichosha sana. Anataka nyumba izimwe mara tano kwa siku. Lakini usimwondoe." Hapo sauti yake ikaanza kukatika, akapitisha haraka kabla haijakatika yote. "Na yule mtoto. Nilishampa jina, sikumwambia mtu. Nilikununia kwa ajili yake. Bado nina kinyongo kidogo, sikufichi. Nisaidie kiishe, kwa sababu mimi nimejaribu, nimeshindwa."

Mama mkwe hakusema amin. Alikuwa ameshika mkono wa Msusi, ameubana kwa nguvu zisizo za mwanamke wa umri wake, na pua yake ilikuwa inavuta. Nje, kule sokoni, kijana mwenye sauti tamu akaanza ikama.

"Amin," mama mkwe alisema haraka, kama mtu anayewahi mlango usifungwe. "Amin, amin."

"Msusi!" ilisikika sauti ya mwalimu wa chekechea kutoka saluni, imepanda kama king'ora. "Dada! Mama! Jamani kuna mtu? Inawasha! Inaunguza!"

Msusi aliruka.

"Kimbia," mama mkwe alisema, akijipangusa macho kwa ncha ya kanga, "kabla hatujaanza kumwombea aote nywele nyingine."

Msusi alikimbia. Alimkamata mwalimu mabega, akamwinamisha kwenye beseni, akamfungulia maji baridi, akaosha, akaosha tena, huku akijilaani na kuomba radhi kwa pumzi moja. Ngozi ilikuwa imewiva kidogo nyuma ya sikio, basi. Nywele zote zilikuwa mahali pake.

"Mlikuwa mnafanya nini huko muda wote huo?" mwalimu aliuliza, macho kayafumba, maji yanamchuruzika shingoni.

"Tulikuwa tunasema mambo ya nyumbani," alisema Msusi. "Inama vizuri, dawa bado iko kisogoni."